Sanduku la Maswali: Tarehe za Watakatifu na Mashahidi

SWALI: Jumuiya yetu husoma kila asubuhi kumbukumbu moja ya historia ya Kanisa, na sasa tunaiandikia kila siku ya mwaka kadi yake. Askofu Mkuu Janani Luwum kitabu kimoja kimemweka 16 Februari, kingine 17. Tushike ipi?

JIBU: Zote mbili, ila kila moja kwa kazi yake. Luwum aliuawa 16 Februari 1977, enzi za Idi Amin, na Uganda huiadhimisha siku hiyo kitaifa. Kalenda ya Kanisa la Uingereza inamkumbuka 17.

Kwa desturi ya kale mtu hukumbukwa siku aliyofariki, ambayo Wakristo wa kwanza waliiita siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo ikiwa tayari ina adhimisho kubwa zaidi, kumbukumbu husogezwa. Sipriani wa Karthago alikatwa kichwa 14 Septemba 258, lakini tarehe hiyo ni ya Kutukuka kwa Msalaba, kwa hiyo Wakatoliki humkumbuka 16. Ndiyo maana kila kadi iwe na mistari miwili, "alifariki" na "hukumbukwa". Ikiwa na mmoja tu, mtu mwenye nia njema atakuja kufuta tarehe sahihi akidhani anasahihisha.

Kadi inayokosewa mno ni hii:

"3 Juni. Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda. Lwanga alichomwa moto Namugongo, 3 Juni 1886. Walitangazwa wenyeheri 1920, watakatifu 18 Oktoba 1964."

Wengi huongeza kwamba wote 22 walikufa siku hiyo. Sivyo. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa mapema, 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana. Yohane Maria Muzeeyi aliuawa 27 Januari 1887. Tena 22 ni Wakatoliki peke yao. Waanglikana 23 nao walitoa uhai wao katika dhuluma ileile, na wengine waliungua Namugongo siku moja na Wakatoliki. Tafadhali msiwaache nje ya kadi. Damu yao haikuwa nyepesi.

Angalieni pia cheo. Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro, Kongo, 1 Desemba 1964, ni Mwenyeheri tangu 15 Agosti 1985. Msimwandike Mtakatifu kabla Kanisa halijamtangaza.

SWALI: Mwaka 2026 Mtakatifu Yosefina Bakhita, 8 Februari, ameangukia Jumapili. Je, kumbukumbu yake inahamia Jumatatu?

JIBU: Hapana. Kumbukumbu ya kawaida ikiangukia Dominika huachwa mwaka huo katika Misa. Ninyi mnaweza kumsoma asubuhi kama kawaida. Zinazohamishwa ni sherehe, yaani siku za ngazi ya juu kabisa: Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, 25 Machi, mwaka 2024 kuliangukia Juma Kuu, kukapelekwa 8 Aprili. Wakati wa Kwaresima kumbukumbu zote hushuka ngazi, ndiyo sababu Perpetua na Felista wa 7 Machi mara nyingi hupita kimya kanisani. Sherehe ya msimamizi wa parokia ina taratibu zake, kwa hiyo ulizeni paroko.

SWALI: Tuandae kadi ngapi?

JIBU: Kadi 366, maana 29 Februari nayo inahitaji yake. Msiandike siku ya juma, kwa sababu mwakani haitakuwa sahihi. Maneno 60 hadi 80 kwa kadi yanatosha kusomwa bila watu kuchoka.

Majivu, Kupaa na Pentekoste ziwe kwenye bahasha ya pembeni, kwani huhesabiwa kutoka Pasaka, ambayo yenyewe huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Majivu ni siku 46 kabla ya Pasaka. Kwa Kupaa na Pentekoste, hesabuni Pasaka yenyewe kuwa siku ya kwanza: Kupaa ni siku ya 40, Pentekoste ya 50. Wengi huanza kuhesabu Jumatatu ya Pasaka, wakajikuta Kupaa kumeangukia Ijumaa.

Siku zisizo na mtu mnayemjua zijazeni na matukio ya kwetu, kama 5 Juni 1873, siku ya mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini liliwekwa pale pale, Krismasi ya mwaka huohuo.