"Alipaswa kujua": kaka yangu amefungwa kwa hundi aliyolipwa na mteja

SWALI

Shikamoo mama wakili. Natumaini u mzima huko Tabora. Mimi ni mkazi wa Ujiji, nakuandikia kwa niaba ya kaka yangu ambaye sasa yupo gerezani Bangwe.

Kaka anauza dagaa mwaloni Kibirizi. Mwezi wa nne alikuja mteja aliyejitambulisha kuwa wakala wa kampuni moja ya mjini, akachukua magunia 12 na kumlipa kwa hundi ya shilingi 7,200,000 yenye mhuri wa kampuni na saini mbili. Kaka akaipeleka benki, na siku ya tatu akaambiwa hela imeingia. Akaitoa yote siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye mwenye kampuni akalalamika kuwa hundi ile imechomolewa kwenye kitabu chake na saini si zao. Yule mteja simu yake haikupatikana tena.

Kaka alishtakiwa makosa matatu: kughushi, kuwasilisha nyaraka ya uongo, na kujipatia fedha kwa udanganyifu. La kwanza ameachiwa. Kwa mawili yaliyobaki amefungwa miaka mitatu kila moja, vifungo viende pamoja. Nilikuwepo hukumu ikisomwa, na haya maneno ya hakimu niliyaandika kwenye daftari: "Mfanyabiashara makini alipaswa kujua kuwa hundi hii si halali." Leo ni siku ya 16. Naambiwa muda umepita, na kuna mtu anasema nikimpa laki tatu atalifufua faili. Kama la kughushi limefutwa, haya mengine yamesimamaje? Nifanye nini?

Dada mtu, Ujiji

JIBU

Marahaba mwanangu. Laki tatu usitoe. Faili la kaka yako halijafa, kwa hiyo hakuna wa kulifufua. Hela hiyo itakufaa kwa nauli na kutoa nakala.

Tuanze na muda, maana ndio unaokunyima usingizi. Aliyetiwa hatiani ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha hati ya rufaa yenyewe. Zile 10 ndizo zilizopita. Lakini mfungwa anaruhusiwa kupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza, na wengi husaini taarifa hiyo siku za mwanzo kabisa za kifungo, ndugu zao wasijue. Nenda Bangwe ukamuulize: alisaini? Tarehe ngapi? Kama alisaini ndani ya siku 10, yupo salama. Kama hakusaini, ataiomba Mahakama Kuu imwongezee muda, kwa kiapo kinachoeleza ni nini kilichomchelewesha. Ombi hilo hukubaliwa pakiwa na sababu ya msingi, na kila siku inayopita bila maelezo inalidhoofisha. Kwa hiyo nenda wiki hii.

Siku 45 haziliwi na zile unazosubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Ndiyo maana barua ya kuomba nakala iandikwe sasa, ipokelewe masjala, na wewe ubaki na nakala yenye mhuri na tarehe. Mhuri huo ndio utakaokutetea ukiulizwa ulikuwa wapi. Na usiogope safari. Nilipoanza kazi, rufaa za Kigoma zilisikilizwa huku Tabora, na ndugu za wafungwa walishuka kwenye treni asubuhi wakiwa na dagaa kwenye mfuko na macho mekundu, halafu wanaambiwa shauri limeahirishwa. Siku hizi Mahakama Kuu mnayo hapo hapo Kigoma.

Sasa swali lako lenyewe. Kufutwa kwa la kughushi hakufuti mengine moja kwa moja, na ningekudanganya nikisema vinginevyo. Hundi anaweza kuighushi mtu mmoja, akaipeleka benki mwingine anayejua fika kuwa ni ya uongo. Huyo wa pili sheria inampa adhabu ileile ya aliyeghushi, na kwa hundi adhabu hiyo inaweza kufika kifungo cha maisha. Ni kosa zito.

Lakini uzito huo wote umening'inia kwenye neno moja: kujua. Sheria ya Kanuni za Adhabu inamtaka aliyewasilisha nyaraka awe amefanya hivyo *akijua* kuwa ni ya uongo na *kwa nia ya kudanganya*. Kujipatia fedha kwa udanganyifu nako ni hivyohivyo. Sasa rudi kwenye daftari lako. Hakimu alisema "alipaswa kujua". Mwanangu, asiyejua kwa uzembe wake ni mzembe. Anaweza kudaiwa hela arudishe, anaweza kupoteza magunia yake 12, lakini hafungwi kwa kosa linalotaka awe alijua. Kama maneno hayo ndiyo yaliyomo kwenye hukumu iliyoandikwa, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya rufaa, na nyingine zote zipange mstari nyuma yake.

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, watajibu, na lazima ulisikie jibu lao mapema. Watasema moyo wa mtu haufunguliwi ukasomwa, kwa hiyo kujua kunapimwa kwa matendo. Ni kweli, na mahakama zetu zinakubali. Watashika kwamba alitoa hela zote siku ileile zilipoingia. Mbele ya mtu asiyeujua mwalo, hilo linanuka vibaya. Ila ushahidi wa mazingira, yaani huo wa kumpima mtu kwa matendo, unapaswa kuelekeza upande mmoja tu, wa hatia. Ukibakiza maelezo mengine yanayoingia akilini, shaka ni ya mshtakiwa.

Na hapo ndipo ninapotaka ukae na kaka yako mzungumze polepole. Siku aliyotoa hela, mwezi ulikuwaje? Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanakaa pwani, wanashona nyavu na kudai hesabu zao. Kama kaka yako alichukua mzigo kwa mkopo na hela ikaingia siku za mbalamwezi, kuitoa yote ni jambo la kila mchuuzi wa Kibirizi. Swali ni kama aliyasema hayo kizimbani. Kama aliyasema na hakimu hakuyagusa kwenye hukumu, hiyo ni sababu ya pili, tena nzuri, kwa sababu utetezi usiopimwa ni dosari kubwa. Vilevile namba ya simu ya mteja: kama aliwapa polisi na hakuna shahidi aliyesema waliifuatilia, iandikwe. Ila kama hayo hakuyasema kabisa, rufaa si mahali pa kuyaanza. Ushahidi mpya Mahakama Kuu inaweza kuupokea, lakini ni nadra sana.

Jambo jingine ni dogo kwa macho, na limewahi kufungua milango ya gereza. Mwenendo ukitoka, tafuta ukurasa ambao hundi ilitolewa kuwa kielelezo. Utaona hakimu ameandika kitu kama "Imepokelewa na kuwa kielelezo P1," yaani kielelezo cha kwanza cha upande wa mashtaka. Weka kidole hapo, soma mstari unaofuata. Je, umeandikwa kwamba shahidi aliisoma kwa sauti mahakamani? Nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe, mshtakiwa asikie kilichomo ajue anajitetea dhidi ya nini. Mahakama ya Rufani iliueleza utaratibu huo mwaka 2003 na imeurudia mara nyingi. Isiposomwa inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Angalia hivyohivyo ripoti ya mtaalamu wa maandishi na maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikishwa polisi. Nimewahi kukaa na mwenendo wa kurasa 60, taa ya chemli pembeni maana umeme ulikatika mji mzima, nikakuta vielelezo vinne na hakuna hata kimoja kilichosomwa. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Hundi ikiondolewa, Jamhuri wanaweza kuomba kesi isikilizwe upya. Tangu mwaka 1966 msimamo ni kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake wenyewe. Hoja hiyo aishike.

Dhamana wakati rufaa inasubiri inaombwa, lakini haitolewi kirahisi, usimpe mama matumaini ya kesho. Kama hamna uwezo wa wakili, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo watoa msaada waliosajiliwa. Ofisi ya ustawi wa jamii hapo manispaa itakuelekeza. Hata bila wakili, kaka yako anaweza kuandika hati yake mwenyewe kwa Kiswahili. Sababu tatu zilizoandikwa vizuri zinatosha. Ile ya "nimeonewa" aiache, maana Mahakama Kuu kwenye rufaa ya kwanza inaupima ushahidi wote upya, na inahitaji kuonyeshwa ukurasa gani utazame.

Lile daftari lako litunze. Si ushahidi, lakini hukumu ikitoka kwa maandishi, yalinganishe maneno neno kwa neno. Kisha niandikie sentensi ya hakimu ilivyochapwa, pamoja na ule mstari unaofuata baada ya P1. Nitakujibu kabla ya siku zako 45 kwisha.