Kasha la kompyuta kwa joto la Kisumu: ninachotazama dukani

Nikiingia dukani kutazama kasha la kompyuta, kwanza nawasha tochi ya simu. Nafungua ubavu, naiweka simu pale feni za mbele zinapokaa, kisha nazunguka mbele kuangalia. Mwanga ukipenya uso mzima, hewa nayo itapita. Ukijitokeza kama vistari viwili vyembamba pembeni, ujue zile feni tatu zinazowaka rangi zote za sikukuu zitakuwa zinavutia hewa kwenye mwanya usioingia kidole. Wapo wauzaji wanaoniangalia vibaya nikifanya hivyo. Basi na waniangalie.

Wengi huanzia kwingine. Mpwa wangu anayesoma Maseno alinitumia kwa WhatsApp picha za makasha aliyokuwa akiyataka, yote ya ukubwa wa kati, yote yamezibwa kioo mbele na ubavuni. "Mjomba, hilo la mwisho ndilo kali." Kwa macho lilikuwa kali kweli, sikatai. Nikamwuliza chumba alichopanga kina dari. Hakina, ni mabati matupu. Nikamwambia atafute lenye wavu mbele, hayo ya kioo awaachie wenye AC.

Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Nairobi au Nakuru, na ziwa liko pale pale. Mchana joto hufika nyuzi 29 au 30 karibu mwaka mzima, na chini ya mabati yasiyo na dari huwa zaidi. Sasa feni hupoza kwa hewa iliyopo chumbani, haina nyingine. Majaribio mengi ya makasha tunayotazama YouTube hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Kwa hiyo mtu wa Ujerumani akikuonyesha prosesa iliyofika nyuzi 75 kwenye mchezo mzito, wewe uliye Nyalenda saa nane mchana ongeza kumi, uhesabu 85. Prosesa nyingi za siku hizi hujipunguzia mwendo zenyewe zikifika 95 au 100. Yaani nafasi uliyobakiwa nayo ni ndogo, na kasha lililozibwa mbele linaweza kuimaliza peke yake.

Ndiyo maana nikiona tathmini ya ng'ambo sisomi kwanza joto la prosesa. Natafuta joto la chumba walichopimia. Wasipoliandika, hiyo tathmini nakuwa nimetazama picha tu.

Baada ya wavu nageukia chujio, na hapa usiwe na haraka. Kuna chujio la nailoni laini, ambalo ukiliinua kwenye mwanga huwezi kuona tundu moja moja. Kuna pia kile kiplastiki chenye matundu makubwa ambacho kwenye boksi wamekiita chujio, lakini ni pambo. Sisi wa kando ya ziwa tuna sababu ya ziada ya kujali jambo hili: usubi. Anayeishi Dunga au upande wa Milimani unaoelekea ziwani anajua ile jioni usubi unapopanda kutoka majini kwa makundi na kufuata taa yoyote iliyowashwa. Kompyuta yenye feni za rangi, dirisha limeachwa wazi kwa sababu ya joto, wewe umezima taa ya chumba ili mchezo upendeze. Taa pekee inayobaki kwa usubi ni kasha lako, na kasha lako linavuta hewa. Nimewahi kufungua moja ambalo mapezi ya kipoza joto chake yalikuwa yamezibwa na tabaka jeusi lenye mafuta, na harufu yake nisingependa kuieleza. Chujio la nailoni lingeuzuia wote nje, ukalisugua asubuhi bombani kwa dakika chache.

Kisha jiulize chujio lenyewe linatokaje. La juu mara nyingi hushikwa kwa sumaku, halina shida. La mbele, vuta uone: je, uso mzima wa kasha unang'oka nalo, na nyaya za kitufe cha kuwashia zimefungwa humo humo? Basi kila ukisafisha unazivuta nyaya hizo, na siku moja zitachomoka. La chini, la pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndilo linalosahaulika. Kwenye makasha mengi linatokea nyuma, kwa hiyo kulitoa ni mpaka usogeze kompyuta nzima kutoka ukutani. Mtu hafanyi hivyo kila wiki mbili, tusidanganyane. Nikipata kasha ambalo chujio la chini linatokea mbele au ubavuni, nalipa nyongeza bila kubishana. Wasomaji wa Nakuru, kwa vumbi lenu la Januari na Februari, hili linawahusu kuliko sisi.

Feni zinazokuja na kasha msizihesabu tu, tazameni plagi zake. Za bei ya chini nyingi huchukua umeme moja kwa moja kwenye pawa saplai kwa ile plagi pana ya pini nne ya zamani. Hizo huzunguka mwendo mmoja usiku na mchana, huwezi kuziongeza wala kuzipunguza. Feni inayofaa huchomekwa kwenye ubao mama, ule unaobeba prosesa na kadi, kwa pini tatu au nne ndogo, na ubao huiendesha kulingana na joto. Mimi ni heri feni tatu za namna hiyo kuliko sita za mapambo. Mbili mbele za milimita 140 zinazoingiza hewa, moja nyuma ya 120 inayotoa, inatosha kompyuta ya kawaida. Feni za kuingiza zikiwa na nguvu kuliko ya kutoa, hewa ya ndani husukuma kutokea kwenye kila mwanya, na vumbi halipati njia ila kupitia chujio.

Vipimo navyo. Nenda na futi ya fundi, usiamini boksi peke yake. Ubao mama wa ukubwa uitwao ATX ni milimita 305 kwa 244, mATX ni 244 kwa 244, na kasha la ukubwa wa kati hupokea zote mbili, hapo hakuna hofu. Hofu iko kwa kadi ya grafiki, ile inayochora picha za michezo. Zile za feni tatu nyingi hupita milimita 300. Kasha likisema linapokea 330, uliza: pamoja na rejeta ya maji (ya kupoza prosesa) mbele au bila? Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27 na feni zake 25, jumla 52, na zote zinakatwa kwenye hiyo 330. Ndipo mtu anajikuta na kadi ya elfu themanini inayogonga feni. Kipoza joto cha mnara nacho kina kimo chake: kile kikubwa cha Noctua, NH-D15, ni milimita 165, na makasha membamba mengi huishia 155 au 160. Ubavu hautafunga, na kukandamiza kioo si dawa.

Geuza pia kasha uone mgongo wa bamba linaloshika ubao mama. Nafasi ya nyaya pale ikiwa chini ya milimita 20 hivi, ile waya nene ya pini 24 inayolisha ubao mama umeme itakufanya uufunge mlango kwa goti.

Bati lenyewe nalipima kwa kidole gumba. Toa ubavu wa chuma, ushike ncha mbili za mshazari, upinde kidogo. Ukipindika na kulia kwa urahisi, hata feni ikizunguka utausikia unatetemeka. Halafu angalia vile vibamba vya nyuma vinavyofunika nafasi za kadi. Vilivyo bora hufungwa kwa skrubu na unaweza kuvirudisha. Vya bei rahisi huvunjwa kwa kupindwa, na ukishavunja kimoja kwa makosa umeacha dirisha. Huku kwetu dirisha hilo lina wapangaji. Nimemkuta mjusi kafiri mkavu amelala juu ya ubao mama, mkia umegusa pini za nyuma ya soketi ya kadi, na mwenye mashine alikuwa ameambiwa na mtu kwamba kadi yake imeungua. Kadi ilikuwa nzima. Mende nao hupenda pawa saplai kwa sababu ni joto na giza.

Kioo cha ubavuni sikikatai kabisa, ila nataka watu wajue tabia yake. Kimetiwa moto kiwandani ili kiwe kigumu, na uso wake unastahimili mengi. Ukingo ndio udhaifu wake. Ukiushusha kwenye sakafu ya vigae, hata polepole, kinaweza kupasuka chote mara moja kikawa chenga chumba kizima. Kila ninapofungua kasha, kioo nakilaza juu ya godoro. Kwa hiyo napendelea kioo kilicho na bawaba au fremu ya chuma ukingoni, kuliko kile kinachotoboliwa na skrubu nne na kubaki mkononi uchi.

Kama unaagiza kutoka Nairobi, kumbuka ni kama kilomita 350 za barabara, na matuta hayahesabiki. Kasha tupu ndani ya boksi lake na povu zake husafiri vizuri. Kompyuta iliyokwisha kuundwa ni habari nyingine: toa kadi ya grafiki na kipoza joto kizito, vifungwe kando, maana uzito wake ukining'inia kwenye ubao mama kutoka Luthuli hadi Kondele kila tuta ni nyundo. Na parseli ikifika, ifungue pale pale ofisini kabla hujatia sahihi. Mzigo ukishatoka mlangoni, kioo kilichopasuka ni chako.

Kuna malalamiko moja ninayoletewa mara kwa mara ambayo watu humtupia muuzaji wa kasha: "Hili kasha linapiga shoti." Ukigusa bati unahisi mtekenyo, na testa inawaka. Aghalabu kasha halina kosa. Ndani ya pawa saplai mna sehemu inayochuja kelele za umeme, na kwa kawaida sehemu hiyo huachia umeme kidogo mno kwenye bati, ambao unapaswa kushuka ardhini kupitia mguu wa tatu wa plagi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za miguu mitatu ambazo nyuma yake waya wa ardhini haupo, au umekatikia ukutani. Umeme ule unakaa kwenye bati, unakusubiri wewe. Kubadilisha kasha hakutasaidia lolote. Mwite fundi wa stima apime ardhi ya nyumba, na usikubali anayekwambia ung'oe huo mguu wa tatu. Lakini kama testa inawaka kwenye soketi uliyothibitisha ina ardhi nzima, au mshtuko wenyewe ni mkali, zima, chomoa, usiguse tena. Hapo huenda pawa saplai au waya wake wa umeme una kasoro. Na ardhi ya nyumba si ya kupuuza upande wetu huu, ambako radi ya alasiri kuanzia Kakamega hadi Kisii haitaki mwaliko.

Tukiwa hapo, kasha linalouzwa pamoja na pawa saplai ndani kwa bei moja, ipime hiyo pawa saplai mkononi. Ikiwa nyepesi mno huku imeandikwa wati 500, hesabu kwamba umenunua kasha peke yake.

Matundu ya mbele hayahitaji maneno mengi. Tundu la USB-C ni zuri, lakini linahitaji plagi yake maalumu kwenye ubao mama, na mbao za bei nafuu nyingi hazina. Utakuwa umelipia tundu lisilofanya kazi.

La mwisho ni kwa wale wanaotaka kuchukua kompyuta ya mtumba, zile za ex-UK, na kuhamishia vitu vyake kwenye kasha jipya lenye nafasi. Kabla ya kununua kasha, ifungue kwanza hiyo mashine. Dell OptiPlex za aina nyingi, kwa mfano, hazitumii waya wa kawaida wa pini 24, waya wa kitufe cha kuwashia una plagi ya aina yake, na lile bati la nyuma lenye matundu ya USB ni sehemu ya kasha la zamani, halitoki. Prosesa, RAM na diski vitahama. Ubao mama utahama kwa vita, na utahitaji viunganishi vya kuagiza. Kwa kijana mwenye bajeti ndogo huwa nashauri ajiwekee akiba kidogo, anunue ubao mama wa mATX wa kawaida pamoja na kasha kwa mpigo mmoja, hiyo prosesa na RAM avihamishe iwapo soketi zinalingana.

Na kabla hujatoka dukani, fungua kile kifuko kidogo. Vinguzo vya shaba vya kuinulia ubao mama viwepo, ama tayari vimefungwa kwenye bamba, ama ndani ya kifuko, tisa kwa ATX. Skrubu ziwe za aina mbili angalau, kwa kuwa za diski za SSD na za kasha hazilingani uzi. Kikikosekana kimoja, muuzaji atakutolea kwenye kopo lake bila neno ukiwa bado umesimama mbele yake. Kesho yake ataanza kukuuzia.