Maswali ya Walimu: Balbu Haiwaki, Maharage Yameoza

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kazi za mikono katika madarasa ya tano na sita, hasa zile zilizogoma. Tumejibu sita. Ombi letu kwa wote ni moja: kazi iliyogoma msiitupe. Mwanafunzi anayetafuta imegomea wapi anajifunza zaidi ya yule ambaye balbu yake iliwaka mara ya kwanza.

SWALI: Habari za kazi? Nafundisha Sayansi darasa la tano. Tulitengeneza saketi katika makundi manane, kila kundi likiwa na betri mbili kubwa za tochi, balbu ndogo, na waya wa shaba niliopewa na fundi anayesuka mota. Makundi matano balbu haikuwaka kabisa. Kundi jingine betri zilichemka hadi watoto wakaziachia, nikakusanya vifaa vyote. Nilikosea wapi? — Mwalimu, Singida

JIBU: Salama, Mwalimu. Tuanze na betri zilizochemka, maana hilo ndilo la hatari. Hiyo ni shoti: waya umetoka upande wa chanya ukaenda moja kwa moja hasi bila kupita ndani ya balbu. Waya wa shaba hauzuii umeme karibu kabisa, kwa hiyo unapita mwingi mno na betri inapata moto. Volti 3 hazimrushi mtu, ila waya wa moto unaunguza kidole. Weka sharti kabla ya kuunganisha ncha ya mwisho: mwanafunzi mmoja afuate njia kwa kidole kuanzia chanya hadi hasi, wenzake wakimwangalia. Njia isipopita ndani ya balbu, haiunganishwi. Betri ikianza kupata joto, achomoe waya mmoja tu, upesi. Na umeme wa ukutani usiguswe kamwe katika kazi hizi.

Kwa makundi matano, mshuku waya kwanza. Waya wa kusukia mota unaonekana uchi, lakini umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Usugue kwa msasa sentimita 2 kila ncha, pande zote, mpaka ile rangi ya kahawia iondoke na shaba ing'ae. Hapo ndipo balbu nyingi nzima huhukumiwa kuwa zimeungua.

Pili, balbu yenyewe. Ina sehemu mbili za kupokelea umeme: kile kinundu cha risasi kitakoni, na ubavu wa chuma wenye skrubu. Wanafunzi wengi hubana waya zote mbili kitakoni, kwa sababu michoro ya vitabuni huonyesha balbu kama duara lenye msalaba na haisemi waya unagusa wapi. Kabla ya kugawa waya, kila kundi lishike balbu dakika tatu na kuchora linachoona ndani ya kioo. Wataona miguu miwili myembamba imeshikilia uzi. Waambie mguu mmoja unaishia ubavuni na mwingine kitakoni, kisha wao wenyewe waseme waya ziguse wapi.

Tatu, betri zipangwe chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine. Betri mbili za volti 1.5 zinatoa volti 3, na balbu ya volti 2.5 inazivumilia. Ukiongeza ya tatu zinakuwa 4.5, na uzi unakatika.

Balbu za namna hiyo zinaadimika madukani. Ukipata LED, yaani kile kitaa kidogo cha kielektroniki chenye miguu miwili, kumbuka kwamba inapitisha umeme upande mmoja tu: mguu mrefu uende chanya. Betri moja haitaiwasha, maana nyekundu inahitaji karibu volti 2 na nyeupe karibu 3. Nyekundu ukiiweka kwenye betri mbili, iunganishe na rezista (kifaa kidogo cha kupunguza umeme) ya omu 100 ili isiungue. Fundi redio anazo, zina mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia.

Safari ijayo usikusanye vifaa. Chukua saketi moja inayowaka, uiweke katikati ya kundi lililokwama. Watoe kifaa kimoja tu kwenye saketi nzima na kuweka chao mahali pake: kwanza betri, kisha balbu, kisha waya mmojammoja. Kifaa kitakachozima taa ndicho kibovu. Hivyo ndivyo fundi anavyotafuta ubovu, na mtoto wa miaka 11 anaweza.

SWALI: Tulipanda maharage kwenye glasi zenye pamba ili kuonyesha mahitaji ya mbegu kuota. Glasi yenye maji, hewa na mwanga ndiyo iliyooza. Ya kabatini, ambayo ilipaswa kushindwa, imeota vizuri. Wanafunzi wananiuliza, sina jibu. — Mwalimu, Mbeya

JIBU: Ya kabatini haikupaswa kushindwa, Mwalimu. Maharage hayahitaji mwanga ili kuota. Yanahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Chakula chake kipo ndani ya mbegu yenyewe. Mwanga unahitajika baadaye, majani yakianza kujitengenezea chakula. Iacheni kabatini siku saba zaidi, mtaona mche mrefu, mwembamba, wa rangi ya njano, kwa sababu bila mwanga haukuweza kutengeneza kijani chake. Ulinganisheni na wa dirishani, kisha wanafunzi waandike mwanga unahitajika kwa kazi gani.

Iliyooza ilizama. Pamba iliyojaa maji haibakizi hewa, na mbegu isiyopumua hufa na kuanza kunuka. Fanya hivi: loweka maharage usiku mmoja, yasizidi saa 12. Kunja karatasi ya tishu, izungushe ndani ya glasi, na upachike mbegu kati ya karatasi na kioo, katikati ya kimo. Mimina maji ya sentimita 1 tu chini. Karatasi itayapandisha yenyewe. Siku ya pili au ya tatu mzizi unachungulia.

Kila glasi iwe na mbegu 10, si mbili. Mbegu moja kati ya mbili ikifa kwa uzee wake, utasema nusu zimeshindwa. Na kila glasi ipungukiwe kitu kimoja tu: moja haina maji, nyingine ina maji yaliyochemshwa yakapoa, mbegu zimezama ndani yake, juu umemimina mafuta ya kupikia yanayofunika uso wote ili hewa isiingie, ya tatu ina kila kitu. Usitumie mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi au nyekundu. Hiyo ni dawa, ni sumu, na watoto wanazishika kwa mikono mitupu. Nunua maharage ya sokoni, ujaribu 10 nyumbani kwanza.

SWALI: Mwanangu yuko gredi ya 5. Kila wiki ni mradi: manila, rangi, gundi. Nikirudi kazini usiku ndimi ninayekata na kubandika. Je, ndivyo mtaala wa umilisi unavyotaka? — Mama, Kilifi

JIBU: La, mama. Umilisi unaopimwa ni wa mtoto. Kazi uliyoikata wewe saa nne za usiku haimwambii mwalimu chochote kuhusu anachokiweza mwanao. Acha ukingo uwe mshazari. Mchango wako uwe kumtengea muda, kumpa boksi la kuwekea makopo, vifuniko na vipande vya kadibodi, na kumuuliza: unadhani itatokea nini? Kuhusu gharama, zungumza na mwalimu bila kuona haya, umuulize kama kifaa fulani kina mbadala wa bure. Mara nyingi kipo. Boksi la unga lililokunjuliwa linafaa kama manila, na lina faida ya kusimama wima.

SWALI: Darasa la sita lilitengeneza vipimamvua sita kwa chupa za plastiki. Mvua ni ileile, uwanja ni uleule, lakini kimoja kinasema milimita 9, kingine 14, kingine 31. Nani mkweli? — Mwalimu, Bukoba

JIBU: Swali hili limetufurahisha, kwa sababu chupa hizo zinaweza kubeba Sayansi na Hisabati za wiki tatu. Usitangaze mshindi bado. Zipangeni mezani, zote sita, na kuzikagua moja baada ya nyingine.

Angalieni kitako. Chupa ya soda ina vidole chini. Vidole hivyo vinachukua maji kidogo kuliko kitako bapa, kwa hiyo kina kinapanda upesi na usomaji unazidi. Jazeni kokoto ndogo na maji mpaka pale ukuta wa chupa unaponyooka, pigeni mstari hapo, na huo ndio uwe sifuri. Maji ya chini ya mstari hayamwagwi kamwe, na kila asubuhi yakaguliwe kabla ya mvua nyingine, maana jua likiyapunguza sifuri inashuka nayo.

Angalieni kiuno. Chupa iliyobanwa katikati inapokea mvua kwa mdomo mpana na kuihifadhi penye wembamba, basi maji yanapanda juu mno. Ile ya 31 tunaishuku hapa.

Angalieni rula. Itazameni kwa karibu: sifuri haiko ukingoni. Kuna kipande kitupu cha milimita kadhaa kabla yake. Aliyesimamisha rula hiyo mezani amesoma pungufu kwa kipande hicho, na huenda ndiye mwenye 9. Kosa la kitako linaongeza na kosa la rula linapunguza, kwa hiyo chupa yenye makosa yote mawili inaweza kutoa jibu linaloonekana sahihi. Wanafunzi waelezwe hilo, maana ndilo gumu kuliko yote.

Ipo njia ya kuepuka umbo la chupa kabisa. Pimeni ujazo. Tuseme mdomo uliokatwa una kipenyo cha sentimita 9. Nusu kipenyo ni 4.5, eneo ni 3.14 × 4.5 × 4.5, yaani karibu sentimita za mraba 63.6. Mvua ya milimita 1 juu ya eneo hilo ni mililita 6.36. Mkivuta maji yote kwa bomba la sindano jipya, lisilo na sindano, mkapata mililita 89, gawanyeni kwa 6.36: ni milimita 14. Chupa yoyote itumike, hata yenye kiuno, mradi mdomo ni duara na umekatwa sawasawa. Kwa njia hii msitie kokoto wala maji ya sifuri. Chupa ianze ikiwa kavu.

Sehemu ya juu iliyokatwa igeuzwe na kutumbukizwa kama faneli, ibanwe kwa selotepu pembeni. Inapunguza maji yanayokauka kwa jua. Kipimamvua kisimame wima, mdomo ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini ili matope yasirukie ndani, na kiwe mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa vya kwetu husoma mvua ya saa 24 zilizopita. Jicho liwe usawa wa maji. Maji hupanda kidogo pembeni mwa plastiki, hivyo soma katikati, pale palipo chini.

Mkishapata namba ya kuaminika, waambieni watoto kwamba milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la darasa lenye mita za mraba 60 kwa mvua yenu ya milimita 14 limepokea lita 840. Kisha waulizwe zimekwenda wapi.

SWALI: Nina wanafunzi 90 na kipindi cha dakika 40. Haya yote yanawezekanaje? — Mwalimu, Geita

JIBU: Kwa siku moja hayawezekani. Wagawe kwenye makundi 15 ya watu sita, lakini siku moja makundi matano tu yafanye jaribio. Mengine yachore, yakokotoe matokeo ya waliotangulia, au yafanye zoezi la kitabu. Kwa wiki moja wote wamepita, nawe umehitaji seti tano badala ya 15. Kila seti ikae kwenye boksi lake, orodha ya vifaa ikiwa imebandikwa ndani ya kifuniko, na kipindi kisifungwe kabla mtunza vifaa hajahesabu.

Dakika 5 za mwanzo kila mmoja aandike utabiri wake kwa wino. Dakika 20 wafanye, 10 wajaze jedwali moja kubwa ubaoni, 5 wakusanye. Ukiruka utabiri, watashangilia tu taa ilipowaka bila kujua walitarajia nini. Majukumu yazunguke kila kipindi. Usipoyazungusha, wavulana watashika waya muhula mzima na wasichana wataandika. Hilo linatokea hata kwa mwalimu mwenye nia njema.

SWALI: Hatuna mawe ya mizani. Tufundisheje gramu? — Mwalimu, Lindi

JIBU: Mnayo maji. Mililita 1 ya maji ina gramu 1. Ning'iniza rula ya sentimita 30 kwa uzi katikati, na chupa mbili ndogo tupu za aina moja kwenye ncha. Zikiinama kabla hamjaweka kitu, sogeza uzi wa katikati kidogo. Chupa moja itiwe mililita 100 za maji kwa bomba la sindano. Chupa ya pili ikatwe mdomo, na ya kwanza pia, zisipishane uzito. Ndani ya ile ya pili weka kitambaa pamoja na uzi wa kukifungia, ongeza mchanga mkavu hadi rula itulie, kisha funga: hilo ni jiwe la gramu 100, na halikauki kama maji. Tengeneza na ya 50 na 200. Mwisho badilisha chupa, ya kulia iende kushoto. Rula ikiinama, mikono ya mizani haijalingana, na mawe yote yaliyopimwa hapo yarudiwe.