Kaka anauza shamba la marehemu baba, naambiwa mtoto wa kike hana ardhi

SWALI: Wakili shikamoo. Mi niko huku Sengerema, baba alifariki 2022 hakuacha wosia, kaacha shamba ekari nne, mimi ndo nalima mihogo na viazi hapo toka niachike, mama nakaa nae mimi. Sasa toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe watu wanakuja kuulizia maeneo na kaka kashapata mteja. Juzi kwenye kikao cha ukoo wakaniletea karatasi nisaini kwamba nimeridhia, baba mdogo akasema mtoto wa kike ni wa kuolewa, ardhi ya ukoo haimhusu. Sijasaini. Nina haki au nakaza shingo tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Una haki, na usisaini hata waje na hela ya kukubembeleza, maana sahihi yako ndo kitu cha kwanza mteja atakionyesha barazani.

Hayo maneno ya baba mdogo yalishafika mahakamani hapahapa Mwanza. Bibi wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza sh. 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake akamshtaki, mahakama ya mwanzo ikasema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo arudishe hela, mahakama ya wilaya ya Muleba ikageuza, mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema Katiba yetu inakataza ubaguzi kwahiyo mila ya kumzuia mwanamke kuuza wakati mwanaume anaruhusiwa haisimami. Mpwa kama analitaka shamba alipe hizo 300,000 ndani ya miezi sita, asipolipa ni la mnunuzi. Kila nikiisoma hukumu ile nafurahi upya. Baadae Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikaandika kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Ila kwenye kugawana mirathi sitakudanganya, pagumu. Kanuni za urithi wa kimila za 1963 zinamweka binti nyuma, na wajane wawili walizipeleka Mahakama Kuu, 2006 ikakubali zinabagua lakini haikuzifuta. Inaniuma mpaka leo. Kwahiyo nguvu yako kubwa kwa sasa ni hii: shamba bado ni la marehemu, na mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kaka sio msimamizi kwa kuwa mkubwa tu.

Kesho andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, waambie mirathi haijafunguliwa, maana ardhi ya kijiji haihamishwi bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Beba nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa. Afu nenda mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo, wakileta jina la kaka kuwa msimamizi weka pingamizi kwa maandishi, taja mama na wewe kama warithi. Wakiuza kwa nguvu anzia baraza la kata, lile siku hizi linasuluhisha tu, siku 30 zikipita bila muafaka unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hela ya wakili kama huna waulize ustawi wa jamii wilayani wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, hawatozi.

Na mihogo endelea kupanda, usiache shamba likae pori wakati huu.