Farasi Aliyeokolewa: Apandwe Lini?

SWALI: Kwako mtaalamu wa mifugo, salamu nyingi. Wiki tisa zilizopita nilimchukua farasi dume aliyehasiwa, ambaye kwa miaka kadhaa alibeba watalii ufukweni, na msimu ulipokatika akaachwa amefungwa kwenye mnazi bila wa kumwangalia. Alipofika kwangu mbavu zilihesabika na mifupa ya nyonga ilichomoza. Daktari wa mifugo amemtibu kupe na minyoo, na anasema moyo na mapafu havina kasoro. Sasa amepata mwili kidogo, na asubuhi hutoka shoti mwenyewe zizini. Shemeji yangu, mwenye kilo 80, anashikilia kwamba farasi anayekimbia hivyo yuko tayari kupandwa. Nimempima kwa utepe wa fundi wa nguo: mzunguko wa kifua ni sentimita 160, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako ni sentimita 150. Tuanzie wapi? — Msomaji, Mtwapa.

JIBU: Ndugu msomaji, shemeji yako ameona dalili ya kweli, ila ameisoma vibaya. Mnyama aliyeshinda na njaa anapopata lishe, uchangamfu humrudia mapema, pumzi na misuli hufuata baada ya wiki kadhaa, lakini kano za miguu na mifupa huchukua miezi kurudisha uimara wake. Kwa hiyo kipindi ambacho farasi anaonekana kuitamani kazi ndicho kipindi ambacho ni rahisi kumvunja. Anapotoka shoti zizini hukimbia kwa muda mfupi, hana mzigo mgongoni, na husimama anapotaka mwenyewe. Akiwa chini ya mpandaji hana hiari hiyo.

Hatari kubwa zaidi mmekwisha kuivuka, lakini nitaitaja kwa ajili ya wasomaji wengine, kwa sababu huua farasi wengi ambao wenyewe waliwaonea huruma. Farasi aliyekonda sana akipewa ghafla mahindi au pumba nyingi, wanga huo huamsha homoni ya insulini, nayo huyasukuma madini ya fosforasi, magnesi na potasi kutoka kwenye damu hadi ndani ya chembe za mwili, na moyo unaweza kusimama siku chache tu baada ya karamu hiyo. Ndiyo maana huanzishwa kwa alfalfa (majani ya lishe ya jamii ya kunde) au nyasi kavu nzuri, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kwako wewe lililobaki ni kuhakikisha anapata nyasi za kutosha, kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake kila siku, na kwamba hali chakula chini kwenye mchanga. Mchanga wa pwani ukijikusanya tumboni huleta msokoto, kwa hiyo mtengenezee hori.

Uzito wake tunaweza kuukadiria kwa vipimo ulivyoniletea: zidisha 160 kwa 160, kisha kwa 150, halafu ugawanye kwa 11,880, unapata takriban kilo 323. Rudia hesabu hii kila baada ya wiki mbili na uiandike. Pamoja nayo, pitisha kiganja ubavuni: mbavu zikihisika kwa urahisi bila kuonekana waziwazi, mnaweza kuanza kazi. Kama bado zinaonekana zote kwa mbali, ningesubiri, hata akirukaruka vipi.

Kazi ya kwanza ni kutembezwa kwa kamba, mwendo wa kawaida, dakika 10 kwa siku, siku tano kwa wiki. Ongeza dakika 5 kila wiki mpaka zifike 40, jambo litakalowachukua wiki sita. Baada ya hapo ndipo aingizwe mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, dakika moja au mbili katikati ya matembezi, si zaidi. Wiki mnayoongeza muda msiongeze kasi wala mlima. Msimzungushe kwa kamba katika duara dogo, ingawa masaisi (watunza farasi) wengi hupenda kufanya hivyo, kwa maana kona za mfululizo huzitesa kano na viungo. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, tembeeni maji yanapokupwa, kwenye mchanga uliolowa na kushikana. Mchanga mkavu unaozamisha kwato huzivuta kano kupita kiasi.

Kipimo cha kuaminika ni moyo. Gusa mshipa unaopita ukingoni mwa taya la chini, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Akiwa amepumzika, mapigo huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Dakika 10 baada ya matembezi yanapaswa kuwa yameshuka chini ya 60. Yasiposhuka, kazi ilikuwa nyingi, na wiki inayofuata mrudi nyuma. Kila asubuhi papasa pia miguu yake kuanzia goti kwenda chini. Joto au uvimbe ambao jana haukuwapo ni sababu tosha ya kumpumzisha na kumwita daktari.

Hali ya hewa ya kwenu inahitaji uangalifu wa pekee. Katika joto lenye unyevunyevu wapo farasi wanaoacha kabisa kutoa jasho, nao hawana njia nyingine kubwa ya kujipoza. Ukimwona anahema kwa nguvu baada ya kazi ndogo huku ngozi yake ni kavu, mpeleke kivulini, ummwagie maji mengi, na matembezi yakome hadi daktari amwone.

Suala la kupandwa nimeliacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa si la mwezi huu wala ujao. Misuli ya mgongo ikiwa imekwisha, tandiko hukaa juu ya mifupa na kumchuna. Tandiko linalomkaa leo huenda lisimkae baada ya miezi mitatu, hivyo lipimwe upya kabla ya mtu kupanda. Kwa kawaida farasi mzima hapaswi kubeba zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwamo. Kwa kilo 323, hiyo ni kama kilo 65. Shemeji anaweza kuanza kesho, lakini kwa miguu, akiwa ameishika ile kamba.