Hita ya Maji na Mkataba wa Dhamana ya Nyumba: Soma Ukurasa wa Yasiyolipiwa

Tuliponunua nyumba yetu hapa San Antonio, Texas, muuzaji alitulipia mkataba wa dhamana ya nyumba wa mwaka wa kwanza, jambo la kawaida katika mauzo ya nyumba Marekani, nami nikauweka kwenye jalada moja na karatasi za bima bila kuusoma. Nilidhani ni kitu kimoja. Bima ya nyumba hulipia hasara ya ghafla, kwa mfano dari iliyoporomoka baada ya bomba kupasuka, lakini haikununulii hita iliyochakaa. Mkataba wa dhamana ndio unaohusu hita, jiko, viyoyozi na vifaa vingine vinavyokufa kwa kutumika, na unahusu vile tu ulivyovitaja, kwa kiwango ulichokitaja.

Mwaka wa pili tuliuhuisha kwa fedha zetu. Februari, maji ya moto yakaanza kuisha kabla mtu wa pili hajamaliza kuoga, na usiku tukawa tunasikia kutoka darini, ambako hita nyingi za huku hufungwa, mlio kama wa bisi zinazokaangwa. Nilipigia simu kampuni ya dhamana, nikalipa dola 100 za ujio wa fundi, ada isiyorudishwa hata dai likikataliwa. Fundi bomba alifungua koki ya chini ya tangi, akakinga ndoo, akamwaga maji na kunionyesha kilichobaki: chengachenga nyeupe, ngumu, zilizojaa nusu ya kiganja chake. Kwenye ripoti aliandika neno moja tu, "mashapo". Siku mbili baadaye dai letu lilikataliwa kwa maelezo kwamba hita haikutunzwa.

Mimi nimekulia Tanga, na birika la nyumbani lililopakaa chokaa kwa sababu ya maji ya kisima nalijua tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilohilo lingenifuata hadi huku. Sehemu kubwa ya maji ya San Antonio hutoka katika hifadhi ya chini ya ardhi iitwayo Edwards, ambamo hupita katika miamba ya chokaa, kwa hiyo ni maji magumu. Chokaa hutuama chini ya tangi, juu kabisa ya moto wa gesi, na maji yanayonaswa chini ya tabaka hilo huchemka na kupasuka viputo. Huo ndio mlio tuliokuwa tukiusikia. Dawa yake ni kumwaga maji ya chini ya tangi angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kukaguliwa ule ufito wa magnesiamu au alumini uliomo ndani, ambao huliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Ufito ukiisha, kutu huhamia kwenye chuma cha tangi, na tangi likitoboka halizibiki.

Kilichotuokoa ni risiti. Miezi minane kabla ya hapo nilikuwa nimemlipa fundi mwingine kusafisha tangi, na kwa bahati njema aliandika tarehe na namba ya hita. Nikaomba uamuzi kwa maandishi, wenye kutaja kifungu cha mkataba kilichotumika kutukatalia, kisha nikawatumia risiti hiyo pamoja na picha. Wakamleta fundi wa pili, na dai likakubaliwa. Nawasihi ndugu zangu wenye nyumba: tunzeni risiti za matengenezo kama mnavyotunza hati ya nyumba, na mkikataliwa kwa simu, msikubali mpaka mtajiwe kifungu. Kwa Texas, kampuni za mikataba hii husimamiwa na idara ya serikali ya jimbo inayoshughulikia leseni, na malalamiko hupokelewa huko.

Hata hivyo, kukubaliwa si kulipiwa kila kitu. Kampuni ilileta tangi na kulifunga, lakini sinia la kukinga maji chini ya hita, tangi dogo la kupokea mtanuko wa maji, kipande cha bomba la kutolea moshi na kibali cha ukaguzi vilikuwa juu yetu, jumla dola 585. Wenye hita za kabla ya 2015 wajiandae zaidi, kwa kuwa viwango vya matumizi ya nishati vilivyoanza Aprili mwaka huo vilifanya hita nyingi kuwa nene kuliko za zamani, na kupanua kichumba ili hita mpya ienee ni gharama ambayo mikataba mingi huikataa.

Kabla hujapiga simu yoyote, soma kibandiko kwenye ubavu wa hita. Watengenezaji wengi hudhamini tangi kwa miaka sita au zaidi, na ikiwa muda haujaisha unaweza kupata tangi bure na kulipia ufundi pekee. Na kampuni ya dhamana ikikupa fedha taslimu badala ya hita, uliza kwanza wamekokotoa kwa bei gani, kwa maana mara nyingi hutumia bei wanayonunulia wao kwa jumla, wakati wewe utakwenda kununua moja dukani kwa bei ya rejareja.