Maswali ya Wasomaji: Dini za Jadi Darasani

SWALI: Nafundisha CRE (elimu ya dini ya Kikristo) shule ya sekondari. Tukifika mada ya dini za jadi za Kiafrika, wanafunzi hucheka na kuita kila kitu ushetani. Wengine hunyamaza kabisa. Nifanyeje? – Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, anza na kitenzi. Ukisema "mizimu huleta mvua" unahubiri. Ukisema "hakuna mizimu" unahukumu. Sema "Wagiriama wa jadi huamini kwamba…", na utumie muundo huohuo unapoeleza imani ya Wakristo na Waislamu. Wanafunzi huusikia upendeleo upesi sana, hasa ukiwaambia "sisi" na "wao".

Kisha wape kitu cha kutazama. Hapo Kilifi mna hazina: misitu mitakatifu ya kaya (makazi ya kale) za Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Onyesha picha ya kigango, yaani nguzo ya mbao iliyochongwa. Dakika 10 za kwanza waandike wanachokiona tu: mbao, umbo, michoro. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kurukia "sanamu ya kuabudiwa". Halafu eleza kwamba ni nguzo ya kumkumbuka mzee wa Gohu, chama cha heshima cha Wagiriama, aliyefariki. Dakika 15 zinazofuata walinganishe na namna nyumbani kwao wanavyowakumbuka marehemu.

Usimteue mtoto kuisemea dini yake. Huenda haijui vizuri, au nyumbani hawataki. Wala usiwaigizishe matambiko: ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Kueleza kunatosha.